Mbio za kwanza za msimu kwa baiskeli za milimani: mwaka jana dakika 10 za mwanzo zilinimaliza, mwaka huu nimezishika

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za saa hizi.

Jukwaa hili la michezo nalisoma kila siku nikitoka zamu. Mpira upo, ngumi zipo, riadha ipo. Baiskeli za milimani sijaona mtu akizigusa, na kwangu ndizo zinazonitoa kitandani, kwa hiyo leo naleta. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi usiku.

Nipo California, mji wa Salinas, mwaka wa 11 sasa. Nyumbani ni Lushoto, upande wa Soni. Wiki mbili zilizopita nilishiriki Sea Otter Classic pale Monterey, mbio za nyika za baiskeli, kundi la wasiolipwa, daraja la pili, umri wa miaka 40 hadi 44. Sea otter ni yule fisi maji wa baharini, na ghuba ya Monterey ndiko kwao. Mashindano haya yalianza mwaka 1991, hufanyika mwezi wa nne, na kwa wapanda baiskeli wengi wa Marekani ndiyo yanayofungua msimu. Mtu ametoka kwenye baridi na mvua, miezi hajashindana, anakuja pale kuona kama mazoezi ya kipupwe yamempa kitu.

Mnaanzia Laguna Seca, uwanja wa mbio za magari. Mnasimama kwenye lami pana kabisa, mnaachiwa kwa makundi ya umri kila baada ya dakika chache, kisha mnatoka nje ya uwanja mnaingia Fort Ord. Hiyo ilikuwa kambi kubwa ya jeshi, ilianza mwaka 1917 ikafungwa mwaka 1994, na mwaka 2012 Rais Obama akaitangaza kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Sasa ni vilima vya nyasi, mialoni iliyopinda, vichaka vikavu na njia nyembamba zaidi ya kilomita 130 ukiziunganisha. Sehemu nyingine bado zimefungwa kwa sababu ya mabomu na risasi za mazoezi zilizobaki ardhini, utaona mabango ya kukataza kuingia. Kuna kondoo wanaoletwa kula nyasi ili moto usipate chakula wakati wa kiangazi. Na kuna mmea wenye majani matatu matatu, ukiugusa ngozi inawaka siku kumi. Ambaye amewahi kupitiwa na upupu shambani ananielewa.

Udongo wake ni mchanga. Juu ya mchanga ulioshikana kuna mchanga mwingine laini kama unga, ukiingia kona kwa papara tairi la mbele linakukimbia. Mzunguko wetu ulikuwa mmoja mrefu, zaidi ya kilomita 30 kidogo, na sehemu ya mwisho ni kupanda kurudi uwanjani. Wengi hukwisha kwenye mlima huo wa mwisho, lakini kisa chao kilianza chini kabisa, kwenye lami.

Mwaka jana nilikuwa mmoja wao. Honi ilipolia niliondoka na watu wa mbele. Nilikuwa wa saba au wa nane tunatoka uwanjani, miguu myepesi, najiona nimeiva. Kipupwe chote nilikuwa nimefanya mazoezi vizuri, sikuwa nimechoka. Dakika ya nne kifaa cha mapigo ya moyo kilisoma 179. Mapigo yangu ya juu kabisa ni 184. Nilikiona, nikaambia nafsi yangu kwamba ni msisimko tu, yatashuka. Hayakushuka. Kilomita ya 9 nilianza kupitwa, kilomita ya 20 nikawa napitwa na vikundi vya umri mwingine walioachiwa nyuma yetu, na kwenye mlima wa mwisho misuli ya paja ilibana nikashuka nikasukuma. Nilimaliza wa 38.

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Naendelea kwenye post inayofuata, naingia zamu.

#2 Mdau, Arusha

Mkuu endelea, tupo. Mimi nina baiskeli ya mtumba yenye gia, nilinunua kwa jamaa aliyeiona kwenye kontena. Napandia msitu wa Olmotonyi kila Jumapili. Nilikuwa nadhani niko peke yangu nchi nzima.

#3 Mdau, Dodoma

Uzi umetulia. Swali moja: kwa nini miguu ikudanganye? Mtu si anajua mwili wake?

#4 Mleta uzi

Nimerudi. Nianze na swali la mdau wa Dodoma, ndilo lenyewe.

Mtu anaujua mwili wake akiwa mazoezini. Kwenye mstari wa kuanzia mwili ni mwingine. Kwanza umepumzika siku kadhaa, kwa hiyo miguu haina uchovu wowote. Pili moyo umeshapanda kwa msisimko kabla hujakanyaga pedeli. Tatu, na hili nilichelewa sana kulielewa, maumivu huja nyuma ya kazi. Ukikanyaga kwa nguvu zote dakika ya kwanza, misuli inakopa, nguvu inapatikana bila hewa ya kutosha, na wewe husikii chochote. Pumzi inaanza kukudai dakika ya pili au ya tatu. Wakati huo umeshakopa mengi, na mlima uko mbele yako, huna mahali pa kulipia. Halafu akiba ya sukari ndani ya misuli inaungua haraka zaidi kadiri unavyokwenda juu ya uwezo wako, na ile ukiimaliza mapema hairudi kwa jeli mbili za sukari unazonyonya njiani.

Kwa nini mwanzoni mwa msimu ni hatari kuliko mwezi wa saba? Kwa sababu kipupwe watu tunafanya safari ndefu za mwendo wa wastani. Msingi unajengeka, ila mwili haujakumbushwa kuruka ghafla na kupumzika ukiwa bado unakwenda. Una nguvu nyingi na huna mazoea ya kuzigawa. Mwezi wa saba umeshashindana mara sita, mwili wenyewe unakukataza.

Upande wangu kuna jambo la kazi pia. Nipo kwenye ghala la mboga. Salinas ni bonde la letusi na stroberi, sehemu kubwa ya letusi ya Marekani hutoka hapa. Lakini kuanzia mwezi wa 11 hadi wa tatu kilimo cha letusi huhamia Yuma, jangwani kule Arizona, na sisi tunaobaki zamu zinapungua. Kwa hiyo nafanya mazoezi mengi wakati ambao hakuna mbio, na mwezi wa nne mbio zinapoanza, letusi nayo inarudi na zamu za usiku zinaanza. Wiki ya Sea Otter nilikuwa nimelala saa 5 kwa siku. Lazima mtu apange kwa kujua hilo.

Mwaka huu nilijiwekea sharti moja: dakika 10 za mwanzo mapigo yasizidi 166. Hiyo ndiyo kasi ambayo nikipanda mlima naweza kuishika dakika 40. Nilipata namba hiyo kwa kupanda mlima uleule mara nne mwezi wa pili, nikiangalia ni wapi pumzi inaacha kufuata mdundo. Niliiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta nikaibandika juu ya usukani.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umetanda kutoka baharini, nyuzi 9, huoni hata kona ya pili ya uwanja. Tulikuwa watu 60 hivi. Kabla ya honi kuna ukimya, halafu honi, halafu viatu vinakamata pedeli kwa pamoja, mlio kama mahindi yanapasuka kwenye sufuria. Kisha wote wanaondoka.

Wakuu, ni kitu kigumu sana. Watu walinipita kushoto na kulia. Kijana mmoja wa miaka 40 na kitu niliyempita mazoezini mara tatu alinipita akiangalia nyuma. Nikasoma plasta: 166. Nikasoma kifaa: 164. Nikabaki. Tunatoka uwanjani nilikuwa wa 44, najua kwa sababu jamaa yangu alikuwa pembeni anahesabu. Kwa mara ya kwanza niliwaona watu wengi hivyo mbele yangu, msururu mzima unapanda kilima kwenye ukungu, na nikahisi aibu. Nikasema acha iwe.

Dakika ya 12 nilianza kuwapita. Sikuongeza kitu, wao ndio walikuwa wanarudi.

#5 Mdau, Nairobi

Ndugu, pole kwa mwaka jana na hongera kwa huu, lakini hapa tutofautiane kidogo. Mimi hushindana huku, na njia zetu nyingi zinaingia msituni baada ya mita mia tatu hivi. Ukikaa nyuma pale mwanzo, njia ikibana mnasimama foleni, watu wa mbele washaenda dakika mbili. Hakuna mahali pa kupita. Kwa sisi mwanzo lazima utoke mbio, la sivyo umekwisha. Ushauri wako unaweza kumpoteza mtu anayeanza.

#6 Mdau, Arusha

Hapo na mimi nilikuwa na swali hilohilo.

#7 Mleta uzi

Mdau wa Nairobi, asante, na umesema kweli. Nilikosa kulieleza.

Kila kitu kinategemea njia inabana wapi. Sea Otter ina lami pana halafu barabara pana ya vumbi, unaweza kupita watu muda mrefu kabla ya njia nyembamba. Ndiyo maana kule kukaa nyuma hakuniui. Kwenye njia kama yenu ningefanya tofauti: ningetoka mbio sekunde 40, nipate nafasi yangu kabla ya msitu, kisha nikishaingia nishushe mara moja hadi kwenye namba yangu, kwa sababu ndani ya msitu anayenifuata naye hana pa kupita. Sekunde 40 mwili unasamehe. Dakika 4 hausamehi. Kosa langu la mwaka jana ni kwamba nilitoka mbio na sikushuka.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe nenda ukaione njia. Si yote, tafuta mahali inapobana kwa mara ya kwanza, upime toka mstari wa kuanzia hadi pale ni dakika ngapi. Nilikwenda Jumanne, nikapanda kilomita 6 za mwanzo mara mbili, sikugusa zaidi. Na mimi nilifaidika na foleni pia: kwenye njia nyembamba ya kwanza watu 15 hivi walikuwa wamekwama nyuma ya mtu aliyeishiwa nguvu mapema. Tulipotokea barabara pana wao walikuwa wamechoka kwa kusimama na kuanza, mimi nimepumua.

Hata hivyo nakubali, kwenye kozi fupi za mizunguko, zile za kilomita 4 au 5 kama za Olimpiki, nafasi ya mwanzo ina uzito mkubwa. Ukitazama Kombe la Dunia la baiskeli za milimani, wale wa mstari wa mbele wanatoka kama risasi, na wana sababu.

#8 Mdau, Nairobi

Sawa, hapo tumeelewana. Sekunde 40 halafu kushuka, hiyo nitaijaribu mwezi ujao.

#9 Mdau, Tanga

Mtani wa Lushoto, hiyo miguu uliipatia wapi? Na huo mchezo ulianzia wapi, isije ikawa sisi ndio tuliuanzisha na viroba vya kabichi.

#10 Mleta uzi

Umenigusa. Nikiwa na miaka 16 na 17 nilikuwa nashusha mboga na matunda ya damsoni kutoka Soni hadi Mombo kwa Phoenix ya mzee. Mizigo miwili nyuma imefungwa kwa mipira, barabara inajikunja juu ya genge, maporomoko upande mmoja. Breki ilikuwa mipira miwili midogo inayosugua rimu. Ukiibana muda mrefu unasikia harufu ya mpira unaungua, kwa hiyo tulijifunza kubana na kuachia, kubana na kuachia, na kuangalia mwisho wa kona badala ya kuangalia tairi. Kila nikishuka Fort Ord nafanya vilevile. Breki sasa ni za diski na mafuta ila vidole ni vile vya Soni.

Kuanzia kwake: huu mchezo kama mashindano ulikua hukuhuku California, kaskazini ya San Francisco, mlima Tamalpais, miaka ya 1970. Vijana kina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly walichukua baiskeli nzito za zamani zenye breki za kukanyagia nyuma, wakashuka nazo barabara ya vumbi wakishindana. Mbio hizo walianza mwaka 1976, wakaziita Repack, kwa sababu ukifika chini grisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilikuwa imeungua yote na lazima uipakie upya. Mwaka 1977 Breeze akatengeneza fremu ya kwanza aliyoibuni kwa kazi hiyo. Mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki, Atlanta, wanaume na wanawake kwa pamoja: Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia wakachukua dhahabu.

Niliposoma habari ya grisi kuungua nilinyanyuka kwenye kiti. Harufu ile naijua.

#11 Mdau, Kigali

Niongeze kidogo kwa upande wetu. Tom Ritchey, aliyekuwa akitengeneza fremu na kina Fisher mwanzoni kabisa, alikuja Rwanda mwaka 2005. Alipoona watu wanabeba mizigo kwa baiskeli za mbao akabuni baiskeli ndefu za kubebea kahawa kwa wakulima. Kutoka kwenye juhudi hizo ikaja timu ya taifa ya baiskeli. Adrien Niyonshuti alibeba bendera yetu Olimpiki ya London mwaka 2012, na mchezo aliokwenda kushindana ulikuwa huohuo wa baiskeli za milimani. Alimaliza wa 39. Rio mwaka 2016 akaenda Nathan Byukusenge kwenye mchezo huohuo. Na mwaka 2025 Kigali ikaandaa ubingwa wa dunia wa barabarani, nilisimama kwenye mawe ya Kimihurura sauti ikanikauka.

#12 Mleta uzi

Mdau wa Kigali, asante sana kwa hili. Watu husoma "wa 39" wakapita. Kwenye Olimpiki ukizungukwa unatolewa njiani, wapo wengi ambao jina lao linaishia na mizunguko iliyobaki. Kumaliza tu ni kazi ya mtu mzima. Na Alan Hatherly wa Afrika Kusini amechukua shaba Paris mwaka 2024, mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia. Naweka haya kwa ajili ya vijana wanaosoma.

#13 Mdau, Minnesota

Kaka, mimi huku theluji ndiyo kwanza imeyeyuka, nafanyia mazoezi sebuleni kwenye mashine. Umemaliza wa ngapi? Hujasema.

#14 Mleta uzi

Nakuja huko, maana kuna kisa.

Kilomita ya 21 nilikuwa wa 14. Ukungu umeondoka, jua limetoka, upepo wa bahari uko mgongoni. Nashuka njia moja nyembamba yenye mizizi ya mwaloni, nikasikia nyuma *tss, tss, tss*, kila tairi linapozunguka mara moja. Kitu kimekata ubavuni.

Tairi hizi hazina tyubu. Ndani unaweka maji mazito meupe ya kuziba pancha, tundu likitokea yanakimbilia pale yanaganda. Nilisimama chini ya mti, nikageuza tairi ili tundu liwe chini, nikasubiri maji yatoke. Hayakutoka. Kilichotoka ni hewa na vumbi jeupe kidogo, kama chokaa. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepeleka baiskeli kwa fundi wa duka moja abadilishe tairi, nikalipia na maji ya kuziba, nikaambiwa yamewekwa. Baadaye nilipofungua tairi nyumbani nilikuta ukavu, labda kijiko kimoja. Niliumia sana, si kwa pesa. Niliamini bila kutikisa tairi sikioni, kitu cha sekunde tano.

Basi pale chini ya mti nikatoa kile kijiti cha mpira wenye gundi, kama vile mafundi pancha wa barabarani wanavyochomeka kwenye tairi za gari. Mikono ilikuwa inatetemeka. Watu wanapita, kila mmoja anauliza "uko sawa?", nami najibu ndiyo huku nimeshika sindano kwa meno. Kijiti cha kwanza kilitoka na sindano. Cha pili nikakikunja mara mbili, nikasukuma kwa kiganja hadi vidole vikauma, nikavuta sindano kwa mkupuo mmoja, kikabaki. Nikaweka hewa kwa mtungi mdogo wa gesi, ukaganda barafu mkononi. Sauti ikanyamaza. Dakika 3 na sekunde 20, kifaa kiliandika.

Niliondoka wa 27.

Na hapa ndipo dakika 10 za mwanzo zilirudi kunilipa. Kama ningekuwa nimekopa kule chini, kusimama kule kungenimaliza, mwili ukishapoa kwenye deni hauwaki tena. Mlima wa mwisho niliupanda mapigo 170 hadi 173, mara ya kwanza siku ile kuvuka namba ya kwenye plasta, na nguvu nilikuwa nazo. Nikawapita watu 8. Yule kijana aliyeangalia nyuma nilimkuta amesimama pembeni anajinyoosha paja. Nilimwambia "twende, bado kidogo", akapanda, akamaliza nyuma yangu.

Wa 19. Saa 1 na dakika 47. Alhamdulillah. Nilikaa kwenye lami ya uwanja nikalia kidogo, sioni haya kuyasema.

#15 Mdau, Minnesota

Kaka hongera sana. Bila ile pancha ungekuwa kumi bora.

#16 Mdau (dada), Mwanza

Kaka, nimesoma yote. Nina miaka 38, watoto wawili, nakimbia kilomita 10 bila shida ila baiskeli niliacha sekondari. Nimechelewa? Na wanawake mnachanganywa nao?

#17 Mleta uzi

Dada yangu, hujachelewa hata kidogo. Wanawake wana makundi yao ya umri na wanaachiwa kivyao. Kwenye mbio hizi niliona kundi la miaka 50 na kuendelea, mama mmoja alinipita kwenye mteremko sikumwona tena hadi mwisho. Mapafu ya kilomita 10 unayo tayari, kinachokosekana ni mikono na macho. Anza kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari, shusha kiti kidogo unaposhuka mteremko, simama juu ya pedeli magoti yamelegea, baiskeli icheze chini yako. Mwezi mzima fanya hivyo tu, mlima utakuja wenyewe.

#18 Mdau, Arusha

Mkuu nisaidie na mimi. Baiskeli ya mtumba, tairi zina tyubu, sina kifaa cha moyo, na huku masika imeanza, matope ya Olmotonyi yanajaa hadi tairi halizunguki. Hiyo 166 naipataje?

#19 Mleta uzi

Mdogo wangu, kifaa si lazima. Tumia mdomo. Panda mlima unaoujua, jaribu kusema sentensi nzima kwa sauti. Ukiweza kusema sentensi, uko chini. Ukiweza maneno matatu au manne kisha pumzi, upo palepale ninapopataka. Ukishindwa hata neno, umevuka. Dakika 10 za mwanzo baki kwenye maneno matatu.

Tyubu siyo tatizo, ila usijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe. Mimi nina kilo 74, natumia PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 19 mbele na 21 nyuma kwa sababu sina tyubu. Wewe mwenye tyubu ukishuka hivyo rimu itaibana tyubu kwenye mawe na kuikata matundu mawili pamoja kama meno ya nyoka. Anzia 30, shusha mojamoja hadi uone tairi linashika kwenye kona bila kugonga rimu. Matope ya mfinyanzi yanayojaa, usipande, utakata cheni na kuharibu njia ya watu. Subiri siku mbili jua liwake, au nenda upande wenye misonobari ambako majani yaliyodondoka yanashika udongo.

Na kagua lile sikio dogo la chuma linaloshika gia ya nyuma. Mitumba mingi hufika limepinda kwa kulaliwa kwenye kontena, ndiyo maana gia zinaruka. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kama magurudumu madogo mawili yapo mstari mmoja na gia.

#20 Mdau, Arusha (siku 16 baadaye)

Wakuu naleta mrejesho kama tulivyozoea humu.

Sikio lilikuwa limepinda kweli, fundi amelinyoosha kwa spana ndefu polepole, gia haziruki tena. Mvua ilikata siku tatu, Jumapili nikapanda na jamaa wanne, wale huniacha kila wiki pale kwenye geti la msitu. Nimekaa maneno matatu tangu chini. Walinicheka, wakaniacha. Juu kabisa nimemkuta mmoja, na wawili tulikuwa nao sambamba. Wa kwanza bado kaniacha mbali.

Ila mkuu nina swali: nikifika juu nilikuwa bado naweza kusema maneno matatu. Ina maana nilibakiza?

#21 Mleta uzi

Ndiyo, ulibakiza. Jumapili ijayo fanya vilevile hadi nusu ya mlima, kisha toka hapo nyamaza kabisa, panda bila neno. Uniambie ulipofika juu huyo wa kwanza alikuwa umbali gani.